Glasi Moja Kabla ya Chakula

Wifi yangu ni fundi cherehani. Kazini wanamwita Pindo, kwa sababu suruali au sketi ikishapita mikononi mwake huwezi kuona pindo lilipoanzia wala lilipoishia. Aliwahi kuolewa, wakaachana bila kelele, na tangu hapo hajamtaja yule bwana kwa wema wala kwa ubaya. Alihamia kwetu mama mkwe wangu alipoanza kulala kitandani moja kwa moja. Mume wangu ni dereva wa lori na siku nyingi yuko njiani, mimi nafundisha chuoni, na mama alikuwa na watoto hao wawili tu. Hakuna aliyemwomba Pindo aje. Alikuja na cherehani yake, akaiweka chini ya dirisha la chumba cha mama, akauliza mama anakula saa ngapi.

Kwa miaka kadhaa karakana ya ushonaji anakofanya kazi ilikuwa ikimletea mafurushi ya sare nyumbani, naye alipinda nguo humo humo chumbani, uso kwenye sindano, sikio kitandani.

Kopo la unga wa nyuzinyuzi liliingia nyumbani kwa ajili ya mama. Mtu akilala muda mrefu tumbo lake nalo hulala, na choo kikawa kigumu kiasi cha kumtoa machozi. Daktari akaandika, duka la dawa likauza: unga wa maganda ya mbegu, rangi ya vumbi, hauna ladha wala harufu. Unachota kijiko, unakoroga kwenye glasi ya maji, unakunywa upesi. Ukichelewa kidogo tu unavimba na kuwa kitu kizito cha kuteleza. Wifi alikuwa hodari wa kazi hiyo. Mkono mmoja unakoroga, mwingine umemwinua mama shingo.

"Haraka, mama, kabla haujaganda."

"Mnaninywesha gundi," mama alikuwa akisema, akikunja uso. "Mnaogopa nitabanduka."

Mama alifariki asubuhi, chai ikiwa mezani. Watu walikuja, wakakaa, wakaondoka, viti vya kuazima vikarudishwa. Tulipokuwa tunasafisha chumba nililikuta lile kopo limejaa karibu mpaka mdomoni, limefunguliwa siku chache tu kabla mama hajaacha kumeza, nikalitia kwenye mfuko wa takataka pamoja na pamba na mabomba ya sindano. Jioni nikalikuta jikoni. Limefutwa vizuri na kupangwa karibu na sukari.

"Wifi, hilo la nini tena?"

"Kitu kizima unakitupa?" alinijibu. "Hicho si chakula?"

Hakulia siku ile wala siku zilizofuata. Wageni walimsifu kuwa amepewa nguvu. Mimi sikuona nguvu. Nilimwona kama mtu aliyekalia mguu mpaka ukafa ganzi, na sasa anangoja, hataki kuukanyagia. Aliosha vyombo, alikunja mashuka, alijibu salamu. Ukimwambia njoo ukae, anakaa. Usipomwambia ainuke, anaendelea kukaa.

Kisha akarudi kazini, karakana kwenyewe. Haya ya huko nimeyapata kwa mkataji wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kupasua kuta, wanayemwita Mkasi. Anasema siku Pindo aliporudi karakana nzima ilinyamaza, hakuna aliyejua aanzie wapi, mpaka yeye mwenyewe Mkasi alipoamua kuanza na alichokiona.

"Pindo! Umerudi peke yako, au humo ndani umekuja na ndugu yako?"

Kweli alikuwa amenenepa. Miaka ya kukaa kwenye kiti kando ya kitanda ilikuwa imemjaa kiunoni, na magoti yalikuwa yakimlilia kwenye ngazi. Pindo akatabasamu kidogo, akasema atapungua. Akasema ana dawa yake.

Dawa yenyewe ikawa ile ya mama. Kwenye ubavu wa kopo kulikuwa na maneno madogo kwamba unga ule, ukinywewa kabla ya chakula, humsaidia mtu kujisikia ameshiba. Asubuhi nilimkuta jikoni amesimama, anakoroga, anakunywa kwa mkupuo mmoja, anaosha glasi. Nikamwambia afadhali, ataondokana na maumivu ya magoti. Nikamwambia pia anywe maji mengi, maana ukiwa mkavu unaweza kukwama kooni. Akaniitikia. Nilidhani nimemaliza.

Sasa lazima nieleze jinsi wanavyokula pale karakana, maana bila hilo hutaelewa jinsi watu wazima wenye macho yao tulivyokaa bila kuona.

Zamani, mchana, kila fundi alikula chakula chake pembeni, na maneno yalikuwa hayaishi: huyu analeta nyama na kujificha, yule kila siku viazi vya kuchemsha na kuchungulia vya wenzake. Ilifika mahali watu hawapeani uzi. Mwenye karakana, mama mmoja asiyependa kesi, akatoa amri. Vitambaa viondolewe kwenye meza ya kukatia, kila mtu aweke bakuli lake mezani likiwa na mfuniko, kisha mabakuli yasogezwe kuelekea kulia, moja moja, mpaka yeye apige meza. Likisimama mbele yako ndilo lako leo. Hakuna ruhusa ya kula ulichokuja nacho. Kesi zikaisha siku hiyo hiyo. Watu wakaanza hata kupika vizuri zaidi, kwa aibu.

Kwa hiyo bakuli nililokuwa nikimpakulia wifi asubuhi lilikuwa likirudi jioni jeupe, limekombwa. Wali ukiisha, mboga ikiisha, nikaona mtu anakula. Na yeye jioni, nikimwita mezani, alishika tumbo.

"Nimeshiba, wifi. Ule unga unavimba humu ndani mpaka sina pa kuweka kitu. Na mchana nimekula."

Kumbe mchana, bakuli la jirani likisimama mbele yake, alikuwa analifunua, analikoroga kidogo kwa kijiko, kisha analisukuma kwa Mkasi.

"Malizia wewe. Mimi unga umenijaza. Na jioni wifi anapika kama ana harusi, nisipobakiza nafasi atanuna."

Mkasi si mtu wa kubembelezwa mbele ya chakula. Akawa anakula mabakuli mawili.

Wifi akaanza kupungua. Mwanzoni tulifurahi sote. Alijipimia gauni lake la bluu mbele ya kioo cha kabatini, akalipunguza kiunoni, akalivaa, akalipunguza tena. Pale karakana akawa tangazo linalotembea. Mafundi wakamzunguka kutaka kujua jina la unga, unauzwa duka gani, unanyweka vipi. Wakanunua. Mkasi alikuwa wa kwanza.

"Wifi yetu," aliniambia baadaye, akiwa anajipigapiga kifua, "nisikufiche. Mimi ule unga nimeunywa kwa imani yote. Nikanywa, nikakaa, nikasubiri kushiba. Nikashiba kweli kama robo saa hivi, nikasema yametimia. Halafu njaa ikarudi imekasirika. Na tumbo! Tumbo likawa linaongea peke yake. Ikafika mchana karakana nzima tumekunywa, milango imefungwa kwa sababu ya vumbi, kila mtu anamwangalia mwenzake. Mama mwenye karakana akafungua madirisha mwenyewe. Akasema atakayekuja tena na gundi yake ya tumbo akashonee barabarani."

"Kwa hiyo hamkupungua?"

"Yule wa vifungo kapungua kidogo. Alikuwa anabakiza vijiko viwili vitatu, basi. Mimi nilisahau kubakiza."

Hapo ndipo tungepaswa kushtuka. Unga mmoja, kijiko kile kile, maji yale yale. Wengine wote wakabaki walivyokuwa au karibu na walivyokuwa, na mmoja akaendelea kwisha. Lakini wao walisema Pindo ana mwili mwepesi wa kusikia dawa, nami nyumbani nilisema vivyo hivyo. Maelezo yakishapatikana huwa tunayaacha yakae, hasa kama yana jina na yako kwenye kopo.

Siku ya sindano, Mkasi alikuwa akikata kola upande wa pili. Anasema hakusikia kelele. Alisikia cherehani ya Pindo imesimama, kisha ikaanza tena pole pole, ikasimama. Alipogeuka alimwona amekaa wima, anaangalia mkono wake kama anavyoangalia mshono uliopinda. Sindano ilikuwa imepita kwenye kucha ya kidole cha shahada, imetoka upande wa pili na uzi wake. Kila fundi sindano imewahi kumla, na kila fundi akiliwa na sindano hupiga ukelele mpaka wapita njia wanasimama.

"Pindo! Mungu wangu! Huumwi?"

"Nguo haijachafuka," Pindo alisema. "Njoo unizungushie gurudumu, mkono haufiki."

Walipomtoa kwenye mashine akasimama, na aliposimama akaanguka.

Nilikuta wameshamlaza kwenye kitanda chembamba cha zahanati, kidole kimefungwa bandeji, mkono mwingine umechomekwa dripu. Muuguzi, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alikuwa ametoka kumpima uzito na hakupenda alichokiona.

"Nani anakaa naye?"

"Mimi. Mke wa kaka yake."

"Huyu mama anakula nini?"

"Jioni hali sana," nikasema. "Anakula mchana, kazini."

Mkasi akanigeukia. "Kazini? Kazini hali, wifi. Si anakula kwenu jioni?"

"Lakini bakuli linarudi tupu."

"Bakuli lenu analila mtu mwingine! Kwetu mtu hali cha kwake." Kisha akasema kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, "Na lile linalomfikia yeye nalila mimi."

Tukabaki tunaangaliana juu ya kitanda. Wifi alikuwa macho. Aliitazama dari.

"Ni ule unga," alisema. "Msigombane. Ni unga tu, unaniondolea hamu."

Muuguzi akataka kujua unga gani. Nilimwelezea: kopo, kijiko kimoja, glasi ya maji, kabla ya chakula. Akauliza kama ananywa zaidi ya kijiko. Hapana. Mara ngapi. Asubuhi, na mwingine jioni. Akavaa miwani, akavuta kiti, akakaa karibu na kichwa cha wifi, akaongea naye yeye, hakuongea na sisi.

"Mama, unga huo naujua. Nawapa watu kila wiki. Unafyonza maji tumboni, unavimba kidogo, unachelewesha chakula kushuka. Mtu akiunywa anaweza kuacha tonge kadhaa kwenye sahani, na saa chache baadaye anadai tonge zake. Wengine hawaoni tofauti kabisa. Wanaopungua nao hupungua taratibu, tena kidogo. Hauna nguvu ya kumkatisha mtu chakula mpaka aanguke."

"Mimi umenikatisha."

"Ulianza lini kukosa hamu? Kabla ya unga au baada?"

Wifi alifikiri. Nilimwona akifikiri kwa uaminifu, kama mtu anayetafuta funguo.

"Sikumbuki kama nilikuwa nayo," akasema.

Daktari alimchukua damu, wakatafuta sukari, wakatafuta tezi, wakapiga picha ya kifua na ya tumbo. Vipimo vilitoka safi kimoja baada ya kingine. Nilijikuta nikitamani kimoja kitoke kichafu. Muuguzi akatuita, akasema mambo mawili. Unga uachwe kwa sasa, hata kama si mkosaji, ili pasiwe na kitu cha kusingizia. Na akiendelea kushuka uzito, wakati wa kurudi kupimwa watamlaza na kumlisha kwa mpira wa puani. Alisema vile bila kutisha, kama anayetaja bei ya kitambaa. Mpira ule tuliujua. Mama alikaa nao siku zake za mwisho, na aliyekuwa akiusafisha ni Pindo.

"Sitawekewa ule," alisema njiani tukirudi.

Nikalitoa kopo jikoni, safari hii mbele ya macho yake. Hakunizuia. Alisimama mlangoni, kidole chake cheupe cha bandeji mbele yake.

"Sasa watu wakiniuliza kwa nini sili," aliniuliza, "niseme nini?"

"Sema ukweli."

"Upi?"

Nilifunga mfuko.

Tukasubiri njaa irudi. Nilidhani, licha ya maneno ya muuguzi, kwamba itarudi, kwamba siku moja atanusa kitunguu kikikaangwa na kusogea jikoni. Nilikaanga vitunguu vingi. Nilipika kila alichowahi kukipenda. Alikaa mezani kwa adabu, akachukua kijiko, akala tonge moja, mbili, kisha mkono ukasimama hewani kama umesahau safari yake. Nilimbembeleza. Nikamkaripia. Kuna jioni nilimwambia anatutesa, akasema, "Pole, wifi," na akamaanisha pole kweli, na hakula.

"Kinaingia," alijaribu kunieleza mara moja. "Hakinichefui. Ni kama unanipa nitafune karatasi za kuchorea vipimo. Sioni sababu."

Karakana nako waliacha kusogeza mabakuli. Mkasi aliomba mwenyewe. Alisema kila mtu ale chake tena ili bakuli la Pindo lirudi nyumbani na ushahidi wake. Likawa linarudi jinsi lilivyokwenda, baridi, mfuniko umebana. Angalau nilijua.

Siku za kurudi kwa muuguzi zilikuwa zimekaribia mume wangu aliporudi kutoka safari ndefu. Nilikuwa nimemwambia yote kwa simu, naye si mtu wa maneno. Aliingia mchana, vumbi mpaka kwenye kope, akaoga, akaketi mezani. Nikapakua sahani tatu. Tukala. Yaani mimi na yeye tulikula. Sahani ya wifi ilikaa mbele yake ikipoa.

Mume wangu alifika nusu, akaegemea kiti, akapumua.

"Dada, nimechoka hata kutafuna. Nimeshindwa. Nimalizie."

Akaisukuma sahani yake, na kijiko kikiwa ndani, mpaka ikagonga ile ya wifi iliyojaa.

Naapa hakuwa na hila yoyote. Alikuwa amechoka tu. Nilikuwa nafungua mdomo kumwambia huoni ana chake hakijaguswa, wakati wifi aliposogeza sahani iliyojaa pembeni, akavuta ile ya kaka yake, akaukusanya wali uliotapakaa ukingoni, akala. Hakuangalia mtu. Alikula haraka haraka, ameinama, kama mtu anayetaka kuwahi kuosha chombo. Akamaliza, akakomba.

Nikakumbuka nilivyokuwa nikipita mlangoni kwa mama. Anamlisha, mama anageuza uso kuwa basi, naye anamalizia kilichobaki kwenye bakuli lile lile, kwa kijiko kile kile, kabla hajarudi kwenye cherehani. Asubuhi, mchana, jioni. Sikuwahi kumpakulia sahani yake miaka ile. Hakuwahi kuiomba, na mimi niliona hiyo ni njia yake ya kuokoa muda.

Mume wangu, aliyekuwa amesinzia kitini, alifumbua macho.

"Kumbe ulikuwa na njaa, dada."

"Hapana," alisema wifi. Alionekana kushangaa yeye mwenyewe. "Njaa sina. Umebakiza tu."

Jioni nilikula nusu, nikasema tumbo limenijaa, nikamsogezea. Nilijisikia mjinga na mwongo. Alikula. Sijui kama alinijua. Nadhani alinijua. Siku iliyofuata nikampigia Mkasi.

"Nibakize chakula?" alipiga kelele. "Mimi? Wifi, niambie nikate suti ya rais kwa macho yamefungwa, nitakata. Lakini kubakiza!"

"Nusu tu."

"Robo."

"Nusu, Mkasi."

Akasonya. Lakini akabakiza, na mchana akamsukumia Pindo bakuli huku akitukana chumvi ya wali wake mwenyewe ili apate sababu.

Tulipokwenda zahanati muuguzi alimpandisha kwenye mzani. Mshale haukuwa umepanda sana, ila ulikuwa umeacha kushuka. Hakutaja mpira. Alimuuliza kama hamu imerudi.

"Bado, sista."

"Na unga?"

"Niliacha."

"Basi ni wewe sasa," muuguzi alisema, akiandika. "Si unga."

Wifi akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama amepewa vipimo vya nguo ya mtu asiyemjua.

Imepita misimu tangu hapo. Kidole kimepona, kucha imeota na mstari katikati. Mume wangu anaendesha lori lake, na akiwa nyumbani anakula nusu sahani na kulala na njaa, halafu asubuhi namkuta jikoni na mkate. Mara chache huwa najaribu kumpakulia wifi sahani yake mwenyewe, mpya, kamili. Anaitazama. Namwachia muda. Kisha nakaa, nakula yangu mpaka nusu, nasogeza.

Njaa haijarudi. Anakula hivyo hivyo.